Shokapu mpya, kelele mpya: kisa cha gari ya shemeji iliyoanza kulia kwenye kona

Gari yenyewe ni sedani ndogo inayovuta kwa matairi ya mbele, imeshatembea zaidi ya kilomita 160,000 na shokapu za mbele zilikuwa hazijawahi kuguswa. Mwenye gari ni shemeji yangu, mtu makini, ana boksi la spana la maana na kazi anayoweza kuifanya mwenyewe hampi fundi. Akabadilisha shokapu zote mbili za mbele, akafunga, akashusha gari, akaingia barabarani, na hapohapo zikaanza kelele mbili ambazo kabla hazikuwepo. Akanipigia, "Shem, nimeuziwa shokapu feki." Nakiandika kisa chote kwa sababu shokapu hazikuwa feki, na kwa sababu kelele hizihizi mbili ndio watu wengi wanalalamikia baada ya kufanya hii kazi wenyewe, halafu wanarudisha shokapu nzima kabisa dukani wakati ubovu umebaki palepale juu, kwenye maunti, yaani kile kipande cha chuma na mpira kinachofunga kichwa cha shokapu kwenye bodi.

Sababu ya kubadilisha alikuwa nayo kweli, hilo niliseme kwanza. Ukikanyaga breki pua inazama sana, ukivuka tuta gari inaendelea kunesa wakati tuta umeshaliacha nyuma, na ukipitisha kiganja juu ya tairi la mbele kulia unakuta mabonde na vilima, mpira umeliwa vipande vipande. Mimi hiyo ya tairi ndio naiamini kuliko zote, maana tairi likiliwa hivyo ujue lilikuwa linadunda juu ya lami badala ya kuigandamiza. Watu wengi wanapima kwa kusukuma kona ya gari chini na kuangalia inanesa mara ngapi, sawa, ila kipimo hicho kinaikamata shokapu iliyokufa kabisa tu, iliyochoka nusu inafaulu vizuri na unaambiwa gari iko poa. Na shokapu ya kulia ilikuwa imelowa, mafuta yametoka kwenye sili, ule mpira wa juu unaozuia mafuta yasitoke, yakashuka mpaka kwenye kikombe cha chini cha springi. Unyevu kidogo pale kwenye sili ni kawaida na usikutishe, mafuta yakishatiririka ndio imekwisha. Na ukibadilisha moja badilisha na ya upande wa pili, vinginevyo gari inakuwa na tabia moja kulia na nyingine kushoto, utaiona siku unafunga breki ya ghafla.

Nilipofika nikamwambia anisimulie alivyofanya kuanzia mwanzo bila kuruka kitu, kwa sababu kelele iliyoanza baada ya kazi mara nyingi imo ndani ya kazi. Na nilivyokuwa namsikiliza nikaona mengi kayafanya vizuri kuliko hata magereji mengine. Nati za matairi alizilegeza gari ikiwa bado chini, handibreki juu, matairi ya nyuma kayawekea vizuizi, halafu akanyanyua kwa jeki na kuikalisha gari juu ya stendi mbili kwenye sehemu ya bodi iliyotengenezewa hiyo kazi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingize hata mkono kwenye gari inayoshikiliwa na jeki peke yake, mafuta ya jeki yakivuja haikuulizi. Akafungua linki ya stabilaiza, kile kiungo cha chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, akatoa hosi ya breki na waya wa sensa ya ABS kwenye mabano ya shokapu, na kabla hajazigusa zile bolti mbili kubwa zinazoshika shokapu na nako, kile chuma kinachobeba tairi, akapiga alama ya rangi kuonyesha zilivyokaa. Nako nayo akaifunga kwa waya kwenye bodi isilale nje. Hilo wengi wanalisahau, nako ikidondoka nje inavuta hosi ya breki, na kwenye gari ya kuvuta mbele jointi ya ndani ya shafti inayozungusha tairi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake na hapo umejiongezea kazi nyingine kabisa.

Nati tatu za juu, chini ya boneti, alilegeza mbili, ya mwisho akaifungua huku mkono mwingine umeshika shokapu isidondoke. Nati ya katikati, inayoshika ncha ya fimbo la shokapu kwenye maunti, hakuigusa ikiwa kwenye gari. Hapo naomba nikae kidogo, maana hii nati ya katikati ndio inaumiza watu. Ile springi inayoizunguka shokapu imebanwa muda wote, hata shokapu ikiwa imelala tu sakafuni, na nati ya katikati ndio kitu pekee kinachoizuia isiruke. Ukiifungua bila kuibana springi kwanza, maunti linatoka na nguvu ya mamia ya kilo na litapita popote, usoni, kifuani, kwenye paa. Zinahitajika kleni mbili za kubania springi, zikae zikitazamana pande mbili za springi, kila moja ishike idadi sawa ya mizunguko, unakaza mizunguko michache huku, michache kule, kwa spana ya mkono na sio kwa mashine ya upepo, mpaka springi ilegee kwenye vikombe vyake na uweze kuichezesha kwa mkono. Hapo ndio nati ya katikati inafunguliwa, na hata hapo usiweke kichwa juu yake. Shemeji alizitumia hizo kleni vizuri. Ila maoni yangu ni kwamba kama kleni zako ni za kuazima, thredi zimechoka, ndoano zinateleza, achana nazo, nunua shokapu iliyokuja imeshafungwa kamili na springi na maunti lake, au wapelekee wenye mashine ya kubania wakufungie wewe uje ufanye ya kwenye gari tu. Hakuna aibu yoyote.

Sasa kelele. Ya kwanza ilitokea ukizungusha stelingi gari ikiwa imesimama au unapaki: kimya, kimya, halafu "twaang" moja kutoka mbele kulia, chuma kikilia, ukiendelea kuzungusha inarudia. Ya pili ni kugonga, "koto koto koto" kwenye barabara yenye changarawe na vishimo vidogo, cha ajabu ukiingia kwenye shimo kubwa haigongi vile. Halafu kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulihesabu kama tatizo mpaka nilipomuuliza, stelingi ilikuwa hairudi yenyewe vizuri ukimaliza kona, inabidi uirudishe kwa mkono.

Kabla ya kushika spana nilimwambia afikirie kitu kimoja. Shokapu kazi yake ni kutuliza mwendo wa kupanda na kushuka. Gari ikiwa imesimama na unazungusha stelingi tu, shokapu haipandi wala haishuki kiasi cha maana, sasa itatoaje "twaang"? Kwa hiyo kelele ya kwanza hata kabla hujafungua kitu shokapu yenyewe unaiweka pembeni. Kinachozunguka pale ni nini? Kwenye mfumo huu wa MacPherson, uliopewa jina la injinia Mmarekani Earle MacPherson na kuingia kwenye Ford Consul na Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkono wa juu wa tairi ulitolewa kabisa, shokapu yenyewe ndio ikachukua nafasi yake. Bei ikashuka, nafasi ya injini ikaongezeka, ndio maana magari madogo karibu yote yako hivyo mbele. Lakini maana yake shokapu ina kazi mbili, inatuliza na pia ni nguzo ambayo tairi linazungukia unapokata kona. Mwili wa shokapu unazunguka, kikombe cha chini kinazunguka, springi nzima inazunguka, ila lile fimbo la kromu linaloingia na kutoka ndani ya shokapu limefungwa kwenye maunti na maunti limefungwa kwenye bodi, hayo hayazunguki. Kati ya kinachozunguka na kisichozunguka kuna beringi moja bapa, iko juu ya springi chini ya maunti, haionekani mpaka ufungue. Beringi hiyo ikikwama springi haina pa kuzungukia juu, kwa hiyo chini inasokotwa na tairi huku juu imeng'ang'ania, inasokoteka kama nguo inayokamuliwa mpaka nguvu inazidi na inaruka mara moja. Hiyo ndio "twaang". Na stelingi kutorudi ni hilohilo, springi iliyosokoteka inabishana na tairi linalotaka kunyooka.

Kipimo chake ni rahisi. Gari iko chini kwenye matairi yake, handibreki, gia kwenye P, injini inawaka ili stelingi iwe laini. Mmoja anakaa ndani anazungusha pole pole na anasimama akiambiwa simama, mwingine anapitisha mkono juu ya tairi anaegemeza vidole kwenye springi kwa nje. Kwa nje, narudia, usiingize vidole katikati ya mizunguko. Upande wa kushoto springi ilizunguka kwa ulaini pamoja na tairi, hakuna kitu. Upande wa kulia vidole vyangu vilisikia springi imetulia huku tairi linazunguka, imetulia, imetulia, halafu ikapiga mruko mmoja na kelele ikatoka wakati uleule. Shemeji akiwa kwenye usukani akasema, "Ndio hiyo hiyo shem!" Tukabadilishana ili na yeye aishike kwa mkono wake.

Kelele ya pili ikawa na kipimo chake. Fungua boneti, toa kile kifuniko cha plastiki juu ya maunti, weka kidole nusu kiguse nati ya katikati nusu kiguse maunti, mwenzako asukume kona ya gari chini na kuiachia. Nati na maunti vinatakiwa kwenda pamoja, mpira ukinepa kidogo. Hapa nati ilikuwa inapanda na kushuka peke yake ndani ya maunti, kidogo sana, labda unene wa karatasi ngumu, ila kidole kinaisikia kabisa. Na hii ndio inaeleza kwa nini vishimo vidogo vinagonga zaidi ya shimo kubwa: kwenye vishimo vidogo fimbo linacheza juu chini ndani ya ule uwazi, linagonga kila likifika mwisho, kwenye shimo kubwa linasukumwa upande mmoja kwa nguvu na kubaki huko kwa muda, kwa hiyo linagonga mara moja tu na mlio huo unamezwa na kelele ya shimo lenyewe. Shokapu mbovu tabia yake ni tofauti na hii, hiyo inaachia gari inese au inafika mwisho wa safari yake na kupiga ule mpira wa kuzuia ulio kwenye fimbo.

"Lakini nati nilikaza shem, nilikaza mpaka ikagoma," akasema. Na ni kweli alikaza.

Tukatoa shokapu ya kulia kwa utaratibu uleule, tukabana springi, tukaweka juu ya meza. Kabla ya kufungua nati nilimwomba ashike maunti alitikise. Likacheza. Nati imegoma kabisa na bado maunti linacheza chini yake, yaani nati ilikuwa imefika mwisho wa thredi, imekaza kwenye fimbo lenyewe na sio kwenye maunti. Hapo lazima kuna kitu kimepungua kwenye mpangilio. Tukaipanga kutoka chini kwenda juu: mpira wa kuzuia upo, buti la vumbi lipo, kikombe cha juu kipo, beringi ipo, maunti lipo, nati ipo. Tukaenda kuichukua shokapu ya zamani ilikuwa imelazwa pembeni imejaa mafuta na kutu, shemeji akachukua bisibisi akaanza kukwangua kwenye lile bega la fimbo, pale unene unapopungua kabla ya thredi kuanza, tope likatoka, kutu ikatoka, halafu kitu kikazunguka. Ilikuwa washa, pete ya chuma, nene yenye umbo la sahani, imeshikana na fimbo kwa kutu na grisi ya miaka yote hiyo. Akaniangalia. "Mi nilijua ni chuma chenyewe kiko hivyo." Na mtu yeyote angejua hivyo, kwa macho huwezi kuitofautisha. Washa hiyo inakaa juu ya bega la fimbo na maunti linakaa juu yake, ukiikosa maunti linashuka chini zaidi, nati inaishiwa thredi kabla haijalibana. Ya kushoto washa ilidondoka yenyewe siku ya kufungua kwa hiyo ilirudi mahali pake, ndio maana kushoto hakukugonga.

Beringi nayo. Alitumia maunti na beringi za zamani pande zote mbili kwa sababu kwa macho zilionekana nzima, mpira haujapasuka, na beringi ya kulia kwa kuwa ilikuwa chafu akaiosha kwa petroli halafu akapaka grisi kwa juu. Petroli inaingia ndani inayeyusha grisi iliyokuwa bado inafanya kazi, grisi ya kupaka kwa nje haifiki kwenye vigololi, kinachobaki ndani ni kutu na mchanga. Mezani ukiizungusha kwa vidole unasikia inakwaruza, nusu duara, halafu inagoma. Beringi nzima inazunguka kimya kwa vidole viwili bila kukwama popote, kipimo ni hicho tu na unakifanya kabla ya kuifunga.

Jambo la tatu tulilikuta kwa bahati, na lenyewe lilikuwa linachangia ile "twaang". Kikombe cha chini cha springi kina kingazi, yaani kidaraja kidogo, ambapo ncha ya springi inatakiwa kuegemea. Ncha ilikuwa imekaa mbali na kingazi kama upana wa vidole viwili. Springi ikikaa hivyo inabaki na nafasi ya kuteleza, na ikiteleza inalia. Unapoachia kleni unatakiwa uangalie ncha ya chini iko kwenye kingazi chake na ya juu iko kwenye nafasi yake, wakati springi bado iko legelege na unaweza kuizungusha, ikishakaza umechelewa.

Kurekebisha kulikuwa kwepesi kuliko kutafuta. Maunti na beringi mpya pande zote mbili, hata kushoto ambako kulikuwa hakujalalamika, kwa sababu vina umri uleule na kazi ya kuvifikia ni ileile yote. Hapa nina msimamo: ukinunua shokapu za mbele za mtindo huu nunua na maunti na beringi siku hiyohiyo, ukikosa hela ya vyote subiri, usifunge nusu. Shokapu mpya tulizipampu kwa mkono zikiwa zimesimama wima, juu mpaka mwisho, chini mpaka mwisho, mara kadhaa, maana zikilala dukani hewa inaingia sehemu ya mafuta na mwanzoni unasikia kama ina sehemu tupu. Zilizojaa gesi fimbo linapanda lenyewe ukiliachia, usishangae. Washa ikarudi kwenye bega, beringi ikatazama juu inavyotakiwa, nati ya katikati mpya ya kujifunga yenyewe, imekazwa kwa mkono huku fimbo limezuiwa kwa alenki, ile spana ya umbo la L, kwenye ncha yake. Kuzuia fimbo kwa plaizi usithubutu hata kama umelizungushia kitambaa, mkwaruzo mdogo tu kwenye kromu unachana sili na baada ya muda mafuta yanaanza kutoka kwenye shokapu mpya, halafu lawama anabeba aliyeitengeneza. Mashine ya upepo kwenye nati hii pia sipendi, fimbo linazunguka pamoja na nati, unasikia kelele ya kukaza kumbe hujakaza.

Kwenye gari nati tatu za juu ni ndogo, zinataka nguvu ya kiasi na ukizidisha unakata stadi, zile bolti za maunti zinazopokea nati. Zile bolti mbili za nako ni kinyume, kwenye magari mengi zinazidi Nm 100, na hapo toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kitabu cha gari yako ndio vinaongea, usikisie kwa mkono. Linki ya stabilaiza tulifunga pande zote mbili zikiwa zimenyanyuliwa sawa, upande mmoja ukining'inia na mwingine uko chini kile chuma cha stabilaiza kinasukuma na bolti haiingii kwa amani.

Alama za rangi za shemeji zilisaidia sana, bolti zilirudi zilipokuwa. Lakini matundu yale yana nafasi, na nafasi ndogo hapo chini inatosha kulaza tairi ndani au nje, na tairi likilala stelingi nayo inavutwa. Kwa hiyo alaimenti, kupima na kunyoosha matairi, baada ya kazi hii ni lazima hata kama gari inaenda moja kwa moja. Alipopima, kulia tairi lilikuwa limelala ndani kidogo na matairi ya mbele yanatazamana kupita kiasi, yakarekebishwa yote mawili.

"Twaang" ikaisha siku ileile, kugonga kukaisha, stelingi ikaanza kurudi yenyewe ukimaliza kona. Kilichobaki ni mvumo kwenye mwendo wa kasi ambao tena alidhani ni beringi ya tairi, lakini ni lile tairi lililoliwa mabonde, shokapu mpya hairudishi mpira ulioliwa, mvumo utapungua taratibu au utabaki mpaka tairi libadilishwe. Tumelihamishia nyuma kwa sasa na mvumo umehamia nyuma nao, ndio tukajua kwa uhakika ni lenyewe. Shokapu za nyuma anataka kuzifanya pia, kwenye gari yake za nyuma hazizungukii stelingi kwa hiyo hazina beringi ya juu, ila washa na mpangilio wake nimemwambia apige picha kila hatua kabla ya kutoa kitu chochote, na shokapu za zamani asizitupe mpaka gari itembee.